Muziki wa bure kwa video zako: maswali nnayoulizwa kila siku, Unguja na Pemba

Mie nnaediti video za harusi, za nyumba za wageni, na za kina mama wanaoonesha mapishi, zaidi Unguja lakini Pemba navuka pia kukiwa na kazi, na haipiti wiki bila ya mtu kunitumia meseji ya sauti ananiuliza kaka ule muziki uliouweka umeutoa wapi. Nimechoka kuandika jibu lile lile mara hamsini kwahivyo nimeyaandika yote hapa. Yamekaa vile yanavyokuja, usitafute mpangilio wa darasani.

Kwani nikichukua nyimbo yoyote nikaiweka kwenye video yangu kuna ubaya gani, mbona kila mtu anafanya?

Na mie nlikuwa nasema hivyo hivyo. Nkapiga video ya nyumba ya wageni moja upande wa Jambiani, siku mbili nzima, naamka alfajiri maji yamekupwa kina mama washashuka kwenye mwani, picha nzuri mpaka mwenyewe nafurahi, mwisho nikaweka nyimbo ya msanii mkubwa wa nje kwa sababu ilikuwa inaenda vizuri na yale mawimbi. Mteja kaiposti. Siku ya pili pahala pamoja sauti yote imekatwa video ipo kimya, pahala pengine imefungwa kwa nchi kadhaa, na nchi zenyewe ndizo wageni wake wanakotoka. Alinipigia simu saa mbili usiku hakunigombeza hata, aliniuliza tu sasa tunafanyaje, na ile iliniuma kuliko angenigombeza. Nilirudia kazi yote bure.

Hivi vitu havifanywi na mtu aliyekaa anatazama video moja moja. YouTube tokea 2007 wana mtambo unaitwa Content ID, wenye nyimbo wanapeleka kopi ya nyimbo zao, na kila video inayopandishwa inafananishwa na zile kopi. Ikifanana, mwenye nyimbo anakuwa keshachagua zamani afanye nini: aifunge, au aweke matangazo pesa iende kwake, au aiache tu huku anaangalia watu wangapi wanaitazama. Mtambo haujui kama weye ni mdogo au mkubwa, una watazamaji 40 au laki nne.

Klemu na straiki si kitu kimoja?

Hapana, na watu wengi wanaogopa bure hapa. Klemu ni ile ya mtambo, inaigusa video ile tu, chaneli yako haipati doa. Straiki ni pale mwenye mali mwenyewe ameandika rasmi kuomba video iondolewe, hiyo ndio nzito, inakaa siku 90 na ukikusanya tatu ndani ya muda huo chaneli inaweza kufutwa na video zote zilizomo. Lakini usijizoeshe kuishi na klemu kwa sababu "haina madhara". Kama video ni ya mteja basi matangazo ya watu wengine yanapita juu ya biashara yake na shilingi haoni.

"Royaliti frii" si ndio bure hiyo?

Sio. Hapa ndipo wanapoanguka wengi, wanaona neno frii wanafikiri hakuna kulipa. Royaliti ni mirabaha, yaani ile pesa ambayo mwenye nyimbo anatakiwa kulipwa kila mara kazi yake inapotumika. Royaliti frii maana yake mirabaha ya kila mara hakuna, ukishapata leseni mara moja basi unatumia kwa masharti yaliyoandikwa. Hiyo leseni yenyewe inaweza kuwa ya kununua. Epidemic Sound ya Sweden kwa mfano, muziki wake ni royaliti frii lakini unalipia usajili, na ukiacha kulipa, video ulizoposti wakati unalipa zinabaki salama ila mpya huwezi kuweka. Kwahivyo unachokitafuta weye mwenye bajeti ya chai na mandazi ni vitu viwili kwa pamoja, royaliti frii na bila ya malipo. Vipo, tena vingi.

Na zile zilizoandikwa "no copyright music"?

Karibu zote zina hakimiliki. Nyimbo ikitungwa tu ina mwenyewe, anachofanya ni kukupa ruhusa, na ruhusa ina masharti yake. NoCopyrightSounds jina lao ndio hilo, lakini wanataka uwataje, na ukitaka kwa tangazo la biashara unatakiwa leseni nyengine. Ubaya zaidi ni zile chaneli ndogo ndogo zinachukua nyimbo za watu zinaandika "no copyright" juu, weye unadaunilodi kwa moyo mweupe, mwenye nyimbo halisi anakuja baadae. Kama pahala hapakuandikwa leseni kwa jina lake, ondoka.

Hizi herufi za Creative Commons, BY, NC, ND, zinanichanganya. Nieleze kama unavyomueleza mtoto.

Haya. Creative Commons ni leseni zilizotayarishwa tayari, za mwanzo zilitoka 2002, msanii anachagua ipi anaitaka badala ya kuandika mkataba na kila mtu duniani. Herufi zake ndio masharti.

BY ni kutaja. Mtaje msanii, basi, fanya utakalo, hata biashara. Hii ndio rafiki yako mkubwa.

CC0 ni msanii ameachilia kila kitu, hata kumtaja si lazima (mie namtaja, naona ni adabu tu).

NC ni hakuna biashara. Na biashara hapa usiifikirie duka tu. Video ya harusi uliyolipwa kuipiga ni biashara. Video ya hoteli ni biashara. Chaneli yenye matangazo nayo unajitia kwenye hatari. Mie nyimbo ya NC siigusi kabisa kwa kazi ya mtu, naiweka kwenye za nyumbani kwetu.

SA ni kwamba ulichokitengeneza nacho kitoke kwa leseni hiyo hiyo. Kwa video ya mteja hapo pagumu, kwa sababu mteja hataki kuambiwa video yake kila mtu ana ruhusa kuichukua na kuibadilisha.

ND ni usibadilishe, na hapa watu wanasema mie sibadilishi kitu nyimbo naiweka nzima vile ilivyo. Soma leseni yenyewe: ukiuunganisha muziki na picha zinazotembea, hiyo tayari inahesabiwa ni kubadilisha. Imeandikwa wazi mule ndani. Kwahivyo nyimbo ya ND kwenye video haifai, hata kama hukukata hata sekunde. Hili nililijua nimeshatumia nyimbo mbili za hivyo, nikazitoa mwenyewe bila ya mtu kunambia.

Kizuri chengine cha leseni hizi hazirejeshwi nyuma, msanii akikupa leo kwa BY kesho hawezi kuja kusema nimeghairi kwa kopi uliyokwishaichukua. Lakini lazima uoneshe kwamba ulichukua wakati ipo hivyo, hilo nitalisema chini.

Twende kwenye kazi. Nizipate wapi?

Ntakwambia nnazozitumia mie.

Kwa video ya YouTube anza na maktaba yao wenyewe, Audio Library, ipo ndani ya YouTube Studio. Bure, na video unaweza kuiingizia pesa. Kuna kichujio cha kuchagua zile ambazo huhitaji kumtaja mtu, na zile zenye alama ya CC ndio za kutaja. Ubaya wake nyimbo zake zimetumika sana, utaisikia ile ile kwenye video za watu mia.

Pixabay ipo wazi, haikulazimishi kutaja, nyimbo nyingi, ubora unapanda na kushuka. Angalia kitu kimoja: nyimbo nyengine mule zimesajiliwa Content ID na wasanii wenyewe, ukurasa wa nyimbo unakuonesha. Sio kwamba huruhusiwi, ila klemu inaweza kukujia na itabidi utoe cheti cha leseni, na cheti unakipata pale pale wakati wa kudaunilodi. Kichukue.

Incompetech ni ya mtu mmoja, Kevin MacLeod wa Marekani, ametunga vitu vingi sana na anavitoa kwa CC BY. Ukimtaja vizuri umemaliza. Kwa video za kuchekesha na za watoto hapa ndipo pangu.

Free Music Archive iliyoanzishwa na redio ya WFMU 2009 ina muziki wa watu wa kila namna, unaweza kupata kitu kisichofanana na biti za kila siku, lakini kila nyimbo ina leseni yake kwahivyo soma moja moja, nyingi ni NC. ccMixter nzuri pia. Musopen ni ya muziki wa kizungu wa zamani, piano na okestra.

Freesound sio ya nyimbo zaidi, ni ya sauti: mvua, mlango, soko, jahazi linalia mbao. Ya chuo kikuu kimoja cha Barcelona, ipo tokea 2005, lazima ufungue akaunti ndio udaunilodi, na nako kuna CC0, BY na NC. Mie naipenda mno hii, mara nyingi video haitaki muziki, inataka pahala pasikike.

Kama video ni ya Facebook na Instagram tu, Meta wana Sound Collection yao, bure, lakini ni ya kwenye majukwaa yao, usiichukue ukaipeleka YouTube.

Mie sina kompyuta, nna simu tu, na ile maktaba ya YouTube siioni kwenye app.

Ndio, kwenye app haimo. Fungua Chrome, ingia YouTube Studio, halafu pale kwenye vidoti vitatu washa ile ya kuonesha tovuti kama ya kompyuta. Maandishi yatakuwa madogo, vuta kwa vidole. Inafanya kazi, nimemuelekeza mtu wa Micheweni kwa simu mpaka akapata.

Bando linakwisha kabla sijapata nyimbo hata moja, nifanyeje?

Usidaunilodi ndio usikilize, sikiliza pale pale sekunde 20 za mwanzo na za katikati. Halafu aina ya faili: nyimbo ya dakika 3 ya MP3 ya kilobiti 320 ni kama MB 7, ya 128 haifiki MB 3, na WAV ile ile inakimbilia MB 30. Kwa video ya simu MP3 ya 320 inatosha kabisa, WAV waachie wenye waya ofisini. Na ukipata nyimbo nzuri iweke kwenye folda, jina la faili liandike vizuri na leseni yake, kesho utaitumia tena badala ya kuanza upya. Mie nna folda ya nyimbo kama 60, kazi zangu zote za mwaka zinatoka humo.

Eti nikitumia chini ya sekunde 30 sio kosa? Na nikiikimbiza spidi kidogo? Na nikiandika chini "sina haki na nyimbo hii"?

Sio kweli, sio kweli, na sio kweli. Sheria ya sekunde hakuna pahala imeandikwa. Kubadilisha spidi mtambo unaijua siku nyingi. Na ile ya kuandika sina haki, umekiri mwenyewe kwa maandishi.

Nna duka Darajani, TikTok naweka nyimbo inayotrendi, mbona sijawahi kupata tatizo?

Pengine akaunti yako ni ya mtu binafsi. Zile nyimbo maarufu zilizomo ndani ya TikTok na Instagram zimeombewa ruhusa kwa watu wanaojiburudisha, sio kwa kuuzia mabuibui. Akaunti ya biashara TikTok inakupa Commercial Music Library, ile ndio yako, na Instagram nako akaunti za biashara zinanyimwa nyimbo nyingi kwa sababu hiyo hiyo. Usikasirike nyimbo zikipotea ulipobadilisha akaunti, wamekukinga. Na muziki uliomo ndani ya programu za kueditia kama CapCut usiuchukulie kuwa unafaa kila pahala, angalia kama umeandikwa wa biashara.

Taarab za zamani je? Si zetu wenyewe zile, bibi zetu wameziimba?

Hili swali naulizwa na watu wa rika zote na nalijibu kwa heshima kwa sababu najua linatoka moyoni. Zetu ndio, kwa maana tumekua nazo, lakini nyimbo moja ya taarab ina watu wengi ndani yake. Kuna aliyetunga shairi. Kuna aliyelitia sauti, yaani muziki wake. Kuna aliyeimba, na waliopiga udi, kanuni, fidla. Halafu kuna aliyerikodi, akaulipia ule mkanda. Kila mmoja anaweza kuwa na haki yake, na wakishafariki haki haizikwi nao, inabaki kwa warithi kwa miaka mingi.

Siti binti Saad alikwenda Bombay kurikodi 1928, alifariki 1950. Mtu anaona karibu miaka mia ishapita, atachukua tu. Lakini kopi unayoisikia mtandaoni si ile sahani moja kwa moja, mara nyingi kuna kampuni iliisafisha ikaitoa upya kwa CD, na hiyo kampuni ndiyo itakayokupelekea klemu. Bi Kidude amefariki 2013, juzi tu. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab, wapo tokea 1905 na mpaka leo wapo, Culture Musical Club nao wapo, ni watu unaowajua unakutana nao njiani, vipi uchukue kazi yao kwa simu wakati unaweza kwenda kubisha hodi?

Na hivyo hivyo kwa Beethoven, kwa anaependa muziki wa kizungu. Amekufa 1827, nota zake ni za kila mtu, lakini okestra iliyopiga mwaka juzi rikodi ile ni yao.

Kisheria na sisi tuna pa kwenda kuuliza. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya 2003, mbali na ya Bara ya 1999, na ofisi ya hakimiliki huku kwetu ni COSOZA, Bara ni COSOTA. Ukiwa na nyimbo ya hapa unaitaka kwa kazi ya pesa, nenda COSOZA uulize mwenyewe ni nani, sio kuuliza mtaani.

Napiga video za harusi. Ukumbini wanapiga taarab na bongofleva, mie sikuziweka, zimeingia na maiki. Nikiposti?

Mtambo haujali imeingiaje, ukisikia umesikia. Mie nafanya hivi: kopi kamili yenye kila sauti nampa bibi harusi kwenye flashi, hiyo ni yake ya nyumbani. Ile fupi ya kuposti natoa sauti ya ukumbini yote naweka ala tupu ya leseni, nabakisha vigelegele na sauti ya mama mtu akilia, kwa sababu vile ndivyo watu wanavyovitaka hasa. Vigelegele rikodi peke yake mwanzo kabla muziki haujafunguliwa, dakika moja tu, utanishukuru ukifika kwenye kuediti. Na kabla ya kuposti chochote omba ruhusa kwa wenye harusi, wanawake wengi kwetu hawataki sura zao zitoke nje na wana haki hiyo.

Asalaam alaykum, nnatengeneza video za mawaidha na za Ramadhani, ala sizitaki. Kuna kitu?

Waalaykumu salaam, kipo, na usijione umebaki nyuma. Kwanza nasheed za sauti tupu nazo zina wenyewe, zina hakimiliki kama nyimbo nyengine, zile za wasanii wakubwa zinapata klemu haraka mno. Kisomo cha Qurani cha msomaji fulani nacho rikodi yake ina mwenyewe, na mie kwa upande wangu naona si kitu cha kukiweka chini halafu mtu anaongea juu yake, kikisomwa tunyamaze.

Mbadala ni sauti za pahala. Mawimbi, upepo kwenye minazi, ndege wa alfajiri, vijiko na vikombe wakati wa futari, uji unakorogwa. Freesound chagua CC0. Lakini bora urikodi mwenyewe, simu yako inatosha. Itie kwenye mfuko wa soksi au uifunge kitambaa chepesi maikrofoni isipigwe na upepo, iweke chini isishikwe, hama hama usifanye, rikodi dakika mbili kimya bila ya kusema neno. Pwani ya mashariki wakati wa kusi utapata upepo tu, nenda upande wa magharibi au ngojea usiku utulie. Angalia jenereta na pikipiki. Nlikuwa Wete asubuhi moja nikarikodi watu wanachambua karafuu, vidole vinakata vikonyo huku wanazungumza mbali mbali, sauti ile nimeiweka kwenye video tatu sasa na kila anaeiona anauliza nimeinunua wapi.

Kutaja msanii ndio naandikaje? Naandika "credit to the owner" inatosha?

Haitoshi, owner gani? Vitu vinne: jina la nyimbo, jina la msanii, umeitoa wapi na linki, na leseni gani. Kwa mfano unaandika hivi kwenye maelezo ya video:

Muziki: (jina la nyimbo) wa (jina la msanii), umetoka (linki), leseni CC BY 4.0.

Msanii akiwa ameandika mwenyewe namna anavyotaka atajwe basi kopi maneno yake vile vile. Kama video inazunguka WhatsApp ambako hakuna pa kuandika maelezo, yatie maandishi mwishoni mwa video sekunde tatu nne, kwa ukubwa unaosomeka.

Unasema sana niweke ushahidi. Ushahidi gani?

Siku ile ile unayodaunilodi piga skrinishoti ya ukurasa ukionesha jina la nyimbo na leseni yake na tarehe ya simu. Cheti kama kipo kichukue. Weka folda moja na nyimbo yenyewe. Tovuti hubadilisha masharti, hufungwa, huuzwa, na ukurasa uliousoma mwaka juzi leo unasema chengine. Mie hii folda naipeleka na kwa mteja pamoja na video, kwa sababu klemu ikija itamfikia yeye mie niko Mkoani sina hata mtandao.

Nna leseni, nimetaja, na klemu imekuja vile vile!

Tulia. Usiifute video. Ingia kwenye Studio, fungua klemu uone ni nyimbo ipi na nani anaidai, wakati mwengine ni mtu alieichukua biti hiyo hiyo ya bure akaimba juu yake akaisajili kama yake, mtambo unawafananisha nyote. Halafu pinga klemu, eleza kwa maneno machache kwamba una leseni, tia linki na namba ya cheti. Aliedai ana siku 30 kujibu, akinyamaza klemu inaanguka yenyewe. Akikataa unaweza kukata rufaa na hapo anapewa siku 7. Lakini sikiliza, rufaa ipeleke ukiwa na uhakika wa karatasi zako, maana akiendelea kukataa anaweza kupeleka ombi la kuiondoa na hapo ndio straiki. Na kama pesa inaingia kwenye video hiyo pinga ndani ya siku 5 za mwanzo, yale mapato yanawekwa pembeni mpaka ijulikane ya nani.

Muziki wa AI je, naandika tu "taarab laini ya pwani" unatoka?

Soma mpango uliomo wa programu unayotumia. Suno, moja ya programu za kutengeneza muziki kwa AI, kwa mfano ule wa bure si wa kazi ya biashara, lazima ulipie. Na 2024 makampuni makubwa ya muziki Marekani yaliwapeleka Suno na Udio mahakamani kwa namna walivyozifundishia nyimbo mashine zao. Mie nimejaribu kuomba taarab, ikanitolea kitu kinachofanana na muziki wa mkahawa wa Kiarabu wa kwenye filamu, ule udi hauna mkono wa mtu wa hapa. Sijautumia.

Muziki wangu unameza sauti ya anaeongea.

Uteremshe. Zaidi ya unavyofikiri. Anza kwenye desibeli 18 au 20 chini ya sauti ya mtu, halafu sikiliza kwa spika ya simu sio kwa hedifoni, kwa sababu watu wanatazama ndani ya daladala. Na chagua ala isiyo na filimbi au fidla inayopita pale pale sauti ya mtu ilipo. Mtu akinyamaza upandishe kidogo, akianza kusema ushushe.

Nataka muziki wa kwetu hasa, sio piano za watu. Bure sipati, si ndio?

Kwa mtandao utapata kidogo sana, na vingi vilivyoandikwa "Zanzibar" ukivisikiliza havina Zanzibar ndani. Hapa ndipo nnapokwambia usitafute bure. Kuna vijana wanaojifunza udi na kanuni DCMA (Dhow Countries Music Academy), chuo cha muziki kilichoanza 2002, kuna watu wa kidumbaki wenye vigoma vyao na sanduku, Pemba kuna wazee wa ngoma ya msewe. Dakika tatu za udi peke yake, chumba kimoja chenye mazulia na mapazia sauti isirudi, simu mbili za kurikodia, ni mchana mmoja. Nimefanya hivi na mpiga udi mmoja nikamlipa kile tulichokubaliana, na tukaandika karatasi moja kwa Kiswahili tukatia saini wote wawili.

Kwenye karatasi andikeni haya: nyimbo ni yake ameitunga yeye, sio ya mtu mwengine. Wewe unaruhusiwa kuitumia kwenye video, za biashara na zisizo za biashara, mitandao yote, kwa muda gani, au daima. Je na yeye anaweza kumpa mtu mwengine nyimbo hiyo hiyo au ni yako peke yako, kwa sababu bei yake si moja. Atatajwa vipi. Nani anaruhusiwa kuisajili kwenye Content ID, hili msilisahau, mpiga udi wangu alipeleka nyimbo zake kwa msambazaji mtandaoni baada ya miezi, na klemu ya mwanzo iliyonijia ilikuwa ya kwake. Tulipigiana simu, akaenda akawaandikia waiachilie chaneli yangu na ya mteja, siku mbili ikaondoka. Tangu siku hiyo linki za chaneli zote zitakazotumia nyimbo naziandika kwenye karatasi kabla hatujafungua simu kurikodi, na kopi moja anaondoka nayo yeye.